Hesabu Panya Kama Unavyohesabu Ng'ombe

Maneno ya mazungumzo na kaya za wafugaji, Handeni na Korogwe

Vijana, na nyie layoni mnaochunga ndama, sogeeni mbele msikae nyuma ya mti, maana sehemu kubwa ya kazi tutakayoisema leo ni yenu.

Jioni ng'ombe wakirudi, mwenye boma husimama mlangoni pa zizi. Anawatazama wakiingia, na akikosekana mmoja anajua ni yupi, wa rangi gani, mama yake nani. Usiku huohuo au alfajiri kijana anatumwa kufuata nyayo. Hakuna anayengoja mwezi upite.

Sasa niwaulize. Katika boma hilohilo, chini ya kitanda, nyuma ya viroba vya pumba na juu ya mahindi ya kula, wamo panya wangapi? Mwezi huu wameongezeka au wamepungua kuliko mwezi uliopita? Hapo kila mtu ananyamaza. Tunakuja kushtuka siku mbegu imefukuliwa shambani, ndipo tunakimbilia mnadani kununua sumu kwenye kichupa kisicho na maandishi. Panya ameshakula, msimu umeshasogea, na atakayeonja sumu ile kwanza ni kuku au mbwa wa boma.

Leo sikuja kuwauzia sumu wala kuwagawia. Nimekuja tuzungumze namna ya kumjua panya kabla hajawa wengi. Wanaofanya hivyo hutumia mtego mmoja mmoja na mundu wa kufyekea. Wasiofanya huuza mbuzi.

Kwa nini ni jambo la mfugaji

Wapo wanaosema panya ni shida ya mkulima. Hebu tuambiane ukweli: siku hizi ni boma gani huku kwetu halina shamba la mahindi, hata la ekari mbili? Mahindi yakiisha mapema, mfugaji ananunua debe kwa bei ya kiangazi huku akiuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kiangazi, na anapunjwa mara mbili. Watafiti wa hapa nchini wamekadiria kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka. Hiyo ni kwa wastani. Mwaka wa mlipuko shamba moja linaweza kubaki na miche ya kuhesabika huku la ng'ambo ya korongo likisalimika.

Na hajali kwamba hiki ni cha shamba na kile ni cha mifugo. Anatoboa kiroba cha mashudu, anakojolea pumba, anatafuna kamba, ngozi ya kulalia na mikanda ya vibuyu.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni mkojo wake. Mwezi wa Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Watu walipata homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20 walihesabiwa wakati huo na 3 walikuwa wamefariki. Vipimo vilionyesha ni leptospirosisi, na ukapewa jina la homa ya mgunda. Wazigua mliopo hapa mnalijua neno hilo: mgunda ni shamba. Vijidudu vyake hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo, kisha hudumu kwenye maji na tope. Panya ni mbebaji mkubwa, lakini ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa nao huupata na kuusambaza. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu anaweza kutupa mimba, mara nyingi ikiwa imeshakua, au maziwa yakakatika ghafla. Ndama anaweza kukojoa mkojo mwekundu na kufa. Mtu anaupata kupitia kidonda mguuni, machoni au mdomoni. Homa yake hufanana na malaria, na wengi hunywa dawa ya malaria bila kupima.

Tusimtwike panya kila mzigo, lakini. Ng'ombe kutupa mimba kuna sababu nyingi, ikiwemo brusela na homa ya bonde la ufa. Ukiona ng'ombe wawili watatu wametupa, usikisie. Usishike kondo kwa mikono mitupu, na mwite afisa mifugo achukue damu ikapimwe.

Panya mwenyewe ni nani

Panya hawafanani, na kabla ya kuhesabu ujue unamhesabu nani.

Anayefukua mbegu ni panya shamba. Ni wa wastani, mgongo wa kahawia wenye kijivu, tumbo la weupe uliofifia, na mkia wake unakaribia kulingana na mwili. Jike utalitambua ukiligeuza: chuchu zimejipanga mistari miwili kuanzia kifuani hadi kinenani, zinaweza kufika 24. Mimba yake huchukua siku kama 23, na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja ni jambo la kawaida kwake. Mbuzi wako akizaa pacha unafurahi, fikiria huyu.

Wa nyumbani, anayepita juu ya mapaa, mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Huyo ni bingwa wa kupanda, kwa hiyo kumtafuta chini tu ni kujidanganya. Panya shamba naye huingia ndani mavuno yakishaisha shambani.

Kisha kuna panya buku, yule mkubwa kama paka mdogo. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, shirika la APOPO linawafundisha buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, kwa hiyo tusiwatukane wote. Kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali, si panya kabisa, anakula wadudu. Mwache aende.

Kusoma alama

Ninyi mnasoma nyayo kuliko mimi niliyesoma darasani. Kazi hii ni ileile, ila nyayo ni ndogo.

Anza na kinyesi. Kinyesi kibichi ni cheusi, kinang'aa, ukikiminya kwa kijiti ni laini. Cha zamani kimepauka na kinavunjika. Fagia chote leo jioni mahali unapotilia shaka, halafu kesho asubuhi angalia kipya kimeanguka wapi na kiasi gani. Kufagia ndiyo siri yake. Asiyefagia anaona kinyesi cha mwaka jana na kudhani ni cha jana. Nyunyizia maji yenye sabuni au dawa ya madoa kabla ya kufagia, vumbi lisipande puani, na watoto wakae nje.

Angalia njia zake. Panya hupenda kupita palepale, akisugua ubavu ukutani, na mahali hapo huwa na alama nyeusi ya mafuta kama kwenye nguzo ya zizi wanapojikuna ng'ombe. Kwenye nyasi utaona vijia vyembamba vimelazwa. Meno mapya kwenye mti au kiroba huacha rangi nyeupe; ya zamani hugeuka kahawia.

Sasa majivu. Hii kina mama mtaipenda kwa sababu haigharimu kitu. Chekecha majivu ya jikoni yawe laini. Tandaza tabaka jembamba juu ya kipande cha bati au ubao, au kwenye sakafu ngumu, upana wa kama futi moja, karibu na ukuta anapopita. Weka mahali panne: karibu na chakula cha watu, karibu na pumba na mashudu, kwenye banda la ndama, na mlangoni. Msitumie unga, maana mtakuwa mmemwandalia karamu. Weka baada ya kuku kulala, soma kabla hawajatoka. Mguu wa mbele wa panya huacha vidole vinne, wa nyuma vitano, na katikati huenda ukaona mstari wa mkia. Mjusi ana vidole virefu vilivyotawanyika, hamtawachanganya. Katika mapande manne, mangapi yana nyayo? Andika: 1 kati ya 4, 3 kati ya 4. Rudia usiku wa pili. Mwezi ujao weka palepale. Usihamishe, la sivyo unalinganisha boma lako na la jirani.

Kwa shambani na kwenye nyasi, majivu hayafai sana kwa sababu ya umande na upepo. Huko tunahesabu mashimo. Pima kipande kimoja cha hatua 35 kwa 35, yaani robo ekari kwa hatua zetu za kawaida za 70 kwa 70. Jioni, vijana wapite wazibe kila shimo kwa udongo, wakikanyaga kidogo kwa mguu. Asubuhi wapite tena kuhesabu yaliyofunguliwa. Shimo lililozibuliwa lina mwenyewe, lililobaki limezibwa huenda limehamwa. Shimo kumi kufunguliwa hakumaanishi panya kumi, maana familia moja ina milango kadhaa, lakini mwezi huu likiwa kumi na mwezi ujao thelathini, umeshapata habari yako.

Layoni, sikilizeni vizuri hapa. Hakuna mkono kuingia shimoni, hata kama unaona mkia. Swila na kifutu wanamfuata panya hukohuko ndani. Tumieni fimbo ndefu na vaeni viatu.

Kuna alama nyingine ambayo watoto wa machungani wataiona kabla yetu. Chini ya mbuyu au mti mkubwa anapolala bundi, hudondoka vibonge vya manyoya na mifupa, kama kidole gumba. Si kinyesi, ni matapishi. Bundi humeza panya mzima na kutema asichoweza kusaga. Kivunje kwa kijiti, utakuta mafuvu madogo yenye meno mawili marefu ya mbele. Vibonge vikijaa mafuvu ya panya, ujue panya wamejaa jirani. Najua bundi hapendwi, na mwingine akimsikia juu ya paa anatafuta jiwe. Mimi sitagombana na imani ya mtu, ila mnaoweza kumvumilia, mvumilieni: ndiye jirani anayelinda shamba usiku bila mshahara.

Mitego ya kuhesabia

Mtego wa kubana wengi tunao mmoja nyumbani, tunautega siku tukikasirika. Ili ukupe hesabu lazima utegwe kwa utaratibu.

Kaya tatu nne zikusanye mitego, ifike 20. Itegwe kwa mstari mmoja ukingoni mwa shamba, mtego hadi mtego hatua 10, kwa usiku tatu mfululizo. Chambo kiwe karanga zilizosagwa zikachanganywa na pumba. Dagaa pia wanafaa. Itegwe jua linapozama, ikaguliwe kabla mifugo haijatoka, kisha ifungwe mchana, isije ikamnasa ndege, kuku au kidole cha mtoto.

Hesabu yake ni hivi. Mitego 20 kwa usiku 3 ni sawa na mitego 60 ya usiku mmoja. Ukipata panya 9, zidisha kwa 100, gawanya kwa 60, unapata 15. Maana yake ungetega mitego 100 usiku mmoja ungepata 15. Tunafanya hivyo ili anayetega 20 na anayetega 35 waweze kulinganisha. Mtego uliofyatuka mtupu uandikwe pembeni, kwa sababu usiku ule haukufanya kazi yote. Wote wakiwa na shida ya kuzidisha, mwalimu wa shule au binti aliye darasa la sita atawasaidia. Andikeni tu namba tatu: mitego mingapi, usiku mingapi, panya wangapi.

Aliyekufa asishikwe kwa mkono. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mwingize kwenye mfuko mwingine, funga, zika mbali na maji. Usimtupie mbwa. Viroboto wake wanahama mwili ukianza kupoa, na hapo wanatafuta wa moto, yaani wewe.

Hilo la viroboto si hadithi. Milima ile ya Usambara tunayoiona kutoka Mombo ilikuwa na tauni. Lushoto ugonjwa ulizuka mwaka 1980 na ukaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Tauni ni ya panya kwanza. Kiroboto humtoa kwa panya aliyekufa akaja nayo kwa mtu. Kwa hiyo, mkiona panya wengi wamekufa wenyewe, ndani au njiani, na hakuna aliyeweka sumu, hiyo siyo habari njema. Msiwaguse, msitege, msiweke sumu, kwa sababu kuua panya wakati huo ni kuwafungulia viroboto mlango. Siku hiyohiyo mwambieni mwenyekiti wa kitongoji na zahanati. Mtu mwenye homa kali na tezi iliyovimba kinenani au kwapani apelekwe haraka. Dawa ipo, na ikiwahi inatibu.

Mvua ndiyo kalenda yao

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa SUA, pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Denmark, wamekamata panya shamba kule Morogoro, wakawatia alama kama mnavyotia alama ng'ombe, wakawaachia na kuwakamata tena, mwezi hadi mwezi, miaka mingi. Walichokiona kinaweza kumsaidia mtu yeyote mwenye macho na mawingu.

Panya shamba anazaa akifuata nyasi mbichi na mbegu zinazoota baada ya mvua. Kwa kawaida wanaozaliwa baada ya masika hukaa wadogo miezi mingi. Hawakomai kuzaa mpaka masika nyingine. Lakini vuli ikiwa nzuri sana, mvua ikanyesha kwa wingi kuelekea mwisho wa mwaka, wale vijana hukomaa mapema na kuanza kuzaa mwanzoni mwa mwaka. Kizazi kizima kinaongezeka ambacho hakikutarajiwa. Watoto hao nao wakikutana na masika, ndipo mlipuko.

Kwa hiyo vuli nzuri, ambayo mfugaji anaishangilia kwa sababu ya malisho, ni ileile inayopaswa kukufanya utege mitego mwezi wa kwanza na wa pili, kabla hujapeleka mbegu shambani. Mwaka wa vuli haba unaweza kupumua kidogo. Andika siku za mvua Oktoba, Novemba na Desemba ukutani kwa mkaa kama huna daftari.

Wiki mbili za hatari

Mbegu ikishaingia ardhini, panya hufukua mstari kwa mstari usiku wa kwanza tu, na huendelea na miche michanga kwa wiki mbili hivi. Mche ukishakomaa shina, humwacha na kungoja mahindi.

Chagua mistari 10 iliyotawanyika, mingine ukingoni, mingine katikati. Katika kila mstari hesabu mashimo 10 ya kupandia. Jumla ni 100, kwa hiyo yatakayokosa mche siku ya kumi ndiyo asilimia yako bila hesabu yoyote. Tofautisha mwizi: panya huacha kishimo kidogo kilichochimbwa sawasawa palipokuwa na mbegu, na maganda pembeni. Kanga huparuapara eneo pana. Kuchakulo anafukua mchana, unaweza kumwona. Ndege huvuta mche uliokwisha ota. Mchwa na viwavi huukata na kuulaza. Na wakati mwingine mbegu ilikuwa mbovu, utaikuta bado ardhini imeoza. Nimeona mtu akimlaani panya kwa mbegu iliyoozea chini.

Ukingoni kukiliwa sana na katikati kukasalimika, anatoka kwenye nyasi za pembeni. Hapo mfugaji ana silaha ambayo mkulima hana: ndama na mbuzi. Walisheni kingo za shamba kabla ya kupanda mpaka nyasi ziwe fupi. Panya hapendi uwazi. Juu kuna mwewe na usiku kuna bundi. Watafiti walewale waliona kwamba shamba lililolimwa kwa trekta lilikuwa na panya shamba wachache kuliko lililofyekwa na kuchomwa tu, kwa sababu jembe linabomoa mashimo. Plau ya ng'ombe pia hufika chini kuliko jembe la mkono. Na majirani wapande wiki moja. Anayetangulia peke yake au kuchelewa peke yake anawalisha panya wa kitongoji kizima.

Maghala yainuliwe juu ya miti hadi usawa wa kiuno, kila mguu uvalishwe bati lililokunjwa kama faneli limeangalia chini. Viroba vya pumba visiegemee ukuta. Viwekwe juu ya mbao, pawe na nafasi ya mtu kupita nyuma na taa. Maji ya ndama yamwagwe jioni, birika lisuguliwe, lijazwe upya asubuhi.

Maswali ninayoulizwa kila mahali

Namba ikifika ngapi ndiyo hatari? Hakuna namba moja ya mabonde yote. Hatari ni namba inayopanda. Majivu yakitoka 1 kati ya 4 hadi 3 kati ya 4, mashimo yakiongezeka mara mbili kwa mwezi, mitego ikipanda miezi miwili mfululizo huku vuli ilikuwa nzuri, msingoje wa tatu. Pelekeni hesabu kwa afisa ugani wa kata kwa maandishi. Ofisi ikipata karatasi za kaya ishirini kabla ya kupanda, ina kitu cha kupeleka wilayani. Ikipata malalamiko baada ya kupanda, inaandika taarifa ya hasara.

Kwa nini tusiweke sumu tu? Ipo nafasi ya sumu, lakini iwe ya pamoja, kabla ya kupanda, mahali ambapo hesabu imeonyesha panya wapo, na mbele ya mtaalamu. Akiweka mmoja, panya wa jirani wanahamia nafasi iliyoachwa. Iwe na lebo ya Kiswahili na imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Iwekwe ndani ya bomba au kifuu, asipofika mbuzi wala mtoto. Zinki fosfaidi inaua mbuzi, mbwa na kuku kama inavyoua panya. Zile zinazozuia damu kuganda huua taratibu kwa siku kadhaa, na paka akila panya huyo anaweza kufa naye. Bundi vilevile. Dawa ya josho si ya panya, isiguswe kwa kazi hiyo.

Je, paka hatoshi? Paka anasaidia ndani, hasa akiwa na mbwa wa kushirikiana naye, na panya huogopa harufu zao. Lakini paka hamalizi panya wa ekari tano. Na paka huyohuyo akiwa anakula panya wa sumu mwezi huu, mwezi ujao hamna hata huyo.

Nani ahesabu? Mama ana majivu na banda la ndama. Baba na vijana wana mitego na shamba. Layoni wana mashimo na bundi. Siku iwe moja kila mwezi, na kwa kuwa wengi hapa mnakwenda mnadani, ichukueni siku inayofuata mnada: hakuna atakayesahau. Karatasi moja itundikwe ndani ya mlango, yenye mwezi, siku za mvua, majivu, mashimo na mitego. Leo jioni, kuku wakishalala, kila boma liweke mapande manne ya majivu. Kesho asubuhi nitapita kwenye maboma manne ya karibu tusome pamoja, na nitaanza na lile lenye banda la ndama karibu na kihenge.